Nira ya Ng'ombe Haimfai Punda

Mkulima mwingine kutoka Ilula ameniomba nimrekebishie punda "mkaidi", na nilipomtaka alete na vifaa vyake, alishusha kwenye pikipiki nira ya ng'ombe. Ninafundisha punda wa mkokoteni hapa Iringa, na nimechoka kulirudia jambo hili: punda huyo si mkaidi, anakabwa.

Ng'ombe wetu wa asili ana nundu, na nira hukaa mbele ya nundu hiyo ikapata pa kuegemea. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba na mfupa uko karibu na ngozi, kwa hiyo mti ule huteleza huku na huku mpaka unachubua, na kamba ya chini ya shingo hubana koo kila anapoongeza nguvu. Mnyama mwenye akili timamu husimama. Mwenye mali, akishikilia msemo kwamba punda haendi bila kigongo, huanza kuchapa, na punda aliyeingiwa na hofu mara nyingi hatimui mbio kama farasi bali huganda palepale, ndipo anapobandikwa jina la ukaidi. Ukitaka ushahidi, mtazame shingoni: mabaka ya manyoya meupe ni makovu ya vidonda vya zamani.

Punda husukuma kwa kifua, hivyo kifaa chake ni mkanda mpana unaopita chini ya koo na juu ya kiungo cha bega. Mkanda ukipanda, unakaba, ukishuka, unazuia mguu kwenda mbele. Tofauti ni vidole vichache tu, na hapa ndipo mafundi wanaokata mikanda ya mpira wa tairi wanaponichosha, kwa sababu humkatia kila punda kipimo kimoja na kuacha kingo zikiwa kali. Mkanda upimwe punda akiwa amesimama, kisha upimwe tena akiwa anavuta, kwa maana mzigo uliofungwa chini sana huuvuta ushuke. Hata farasi wadogo wa mashindano ya vigari huko Uingereza huvalishwa mkanda wa kifuani, sembuse punda wa kubeba nyanya.

Vitabu husifu kola kamili ya kuzunguka shingo kwa mizigo mizito, na ni kweli kwamba hutawanya uzito vizuri zaidi. Mimi bado nasita kuipendekeza, kwa kuwa punda wetu hunenepa masika na kukonda kiangazi, na kola iliyomkaa vyema mwezi Mei huweza kumtia kidonda mwezi Oktoba.

Kuhusu umri sina mengi: mimba huchukua takriban mwaka mmoja, na mtoto asifungwe mzigo kabla ya kutimiza miaka 3, ingawa kuzoeshwa hatamu na kuguswa miguu kunaweza kuanza mapema.

Lililobaki ni miteremko. Mkokoteni wa magurudumu mawili usio na mkanda wa nyuma, ule unaozunguka mapaja chini ya mkia, humgonga punda kisiginoni kila anaposhuka, naye hujifunza kuchukia kushuka. Tandiko nalo liwe na mito miwili iliyoachana, isiyogusa uti wa mgongo. Mzigo upangwe juu ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kisha uinue ncha za miti ya mkokoteni kwa mkono mmoja. Zikikushinda, ushushe magunia ya mbele uyapange upya kabla hujamfunga.