Je, Wajua Kwa Nini Lima Haipati Mvua, na Hilo Linahusiana Vipi na Chakula Chake?

Ukifungua ramani ya dunia na kuufuata kwa kidole mstari wa nyuzi 12 kusini ya ikweta, kuanzia visiwa vya Komoro kuelekea magharibi, ukaivuka Afrika, kisha Atlantiki, kisha upana wote wa Amerika Kusini, utatokea pwani ya Pasifiki karibu kabisa na Lima, mji mkuu wa Peru. Kisiwa cha Nzwani na mji wa Lima viko umbali ule ule kutoka ikweta, na vyote vimepakana na bahari. Lakini Nzwani ni nchi ya mikarafuu, milangilangi na mvua nyingi, ilhali Lima, yenye wakazi wapatao milioni 10, imejengwa jangwani. Mvua yake ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki hata milimita 20, yaani ni kidogo kuliko ile ya Cairo. La kushangaza zaidi ni kwamba jangwa hilo halina jua kali kama wengi wetu tunavyolidhania jangwa, kwani kwa karibu nusu ya mwaka mji hufunikwa na wingu zito la kijivu ambalo wenyeji husema lina rangi ya tumbo la punda.

Sababu iko baharini. Kutoka pande za kusini ya mbali hupanda mkondo wa maji baridi unaoambaa na pwani za Chile na Peru, nao huitwa Mkondo wa Humboldt kwa heshima ya Alexander von Humboldt, mwanasayansi wa Kijerumani aliyepima joto la maji hayo alipokuwa Peru mwaka 1802. Pepo za kusini-mashariki, ambazo kwetu tungeziita kusi, huvuma kuifuata pwani hiyo, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia maji ya juu hupindishwa kuelekea bahari kuu badala ya kubaki ufukoni. Nafasi yanayoiacha huzibwa na maji yanayopanda kutoka kilindini, na maji hayo ni ya baridi. Ndiyo maana bahari ya Lima, katika latitudo ambayo kwetu hutoa maji ya kuogelea bila kutetemeka, mara nyingi huwa na nyuzi 15 hadi 19 tu za selsiasi.

Bahari baridi huipoza hewa iliyo juu yake. Ili mvua inyeshe, hewa yenye unyevu sharti ipae juu sana, lakini hewa iliyopozwa ni nzito, tena juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto zaidi linaloizuia kupanda. Upande wa mashariki milima ya Andes nayo huuzuia unyevu wa Amazon, ambao huishia kunyesha katika miteremko ya upande wa pili. Hivyo Lima hubaki na wingu lililonaswa chini, lenye unyevu wa kutosha kulowesha nguo kwenye kamba, lakini lisiloweza kupata kina cha kuwa mvua. Kinachoanguka kati ya Juni na Novemba ni manyunyu membamba yaitwayo garúa, ambayo hulowesha lami na kuwafanya watu wavae makoti, na basi.

Maji yale yale yanayoinyima Lima mvua ndiyo yanayoilisha. Maji ya kilindini hupanda na virutubisho, na yakikutana na mwanga wa jua hustawisha vijimea vidogo sana vya baharini, ambavyo huliwa na samaki wadogo wa jamii ya dagaa waitwao anchoveta. Katika miaka mingi hakuna aina moja ya samaki pori duniani inayovuliwa kwa wingi kama huyo. Sehemu kubwa husagwa kuwa unga wa kulishia mifugo na samaki wa mabwawani, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uchoyo kidogo katika nchi yenye watoto wenye upungufu wa damu. Lakini nyuma ya anchoveta huja samaki wakubwa zaidi, na hao ndio wanaofika mezani.

Chakula kinachoutambulisha mji huu ni ceviche. Samaki mbichi aliyevuliwa usiku hukatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, huchanganywa na chumvi, pilipili na vitunguu vyekundu vilivyokatwa vyembamba, kisha hukamuliwa ndimu nyingi. Asidi ya ndimu huibadilisha nyama kuwa nyeupe na ngumu kidogo, kama ambavyo moto ungefanya, ingawa haiui vijidudu vyote, na kwa hiyo usalama wa chakula hiki unategemea zaidi ubichi wa samaki kuliko ukali wa ndimu. Pembeni huwekwa kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa na mahindi yenye punje kubwa. Mchuzi mweupe unaobaki chini ya sahani huitwa maziwa ya chui milia, nao hunywewa. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza desturi za kuandaa na kula ceviche nchini Peru katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Mgeni anayetafuta ceviche usiku hujikuta amechelewa. Migahawa mingi ya kienyeji inayoipika hufungua kabla ya adhuhuri na kufunga alasiri, kwa kuwa desturi hiyo ilianza kabla ya majokofu, wakati samaki wa alfajiri hakuweza kusubiri jioni. Mahali pazuri pa kuielewa ni ufuko wa wavuvi wa Chorrillos, au soko la Surquillo lililo hatua chache kutoka Miraflores, ambako muuza samaki na muuza ndimu hutazamana. Miraflores yenyewe, pamoja na bustani zake juu ya majabali yanayoitazama bahari, ni safi na salama, ila mtu akiishia hapo tu ataondoka akiwa ameiona bahari na hajauona mji.

Sasa tuwafuate ndege. Minandi, mwari na ndege wengine wa baharini hula anchoveta kwa mamilioni, na hutua kwenye visiwa vidogo vya pwani, hasa visiwa vya Chincha vilivyoko kusini ya Lima. Kinyesi chao kilirundikana kwa karne nyingi hadi kufikia kina cha zaidi ya mita 30 mahali pengine, na kwa kuwa hakuna mvua ya kukisafisha, nitrojeni yake ilibaki humo. Kuanzia miaka ya 1840 mbolea hiyo, iitwayo guano, ilipakiwa melini kwenda Uingereza na kwingineko kurutubisha mashamba, na Peru ikawa tajiri ghafla. Mwaka 1854 Rais Ramón Castilla alitangaza kukomesha utumwa, na mapato ya guano yakatumika kuwalipa fidia wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu.

Ili kuchimba mbolea na kulima miwa na pamba, wenye mali waligeukia China. Kati ya mwaka 1849 na 1874 waliletwa Wachina wapatao 100,000 kwa mikataba ya miaka mingi ambayo kwa wengi wao haikutofautiana sana na utumwa wenyewe. Waliomaliza mikataba wakiwa hai walihamia Lima, wakafungua vibanda vya chakula karibu na soko kuu, katika mtaa wa Capón, ambako mtaa wa Wachina upo hadi leo. Kwao ndiko ulikotoka mgahawa wa aina ya chifa, ambao sasa unaupata katika kila kona ya mji, wa tajiri na wa maskini. Hapo hupikwa wali wa kukaanga uitwao chaufa. Mlo ambao Waperu wengi huuona kuwa wao kabisa, lomo saltado, nao ni nyama ya ng'ombe iliyorushwa kwenye karai la Kichina juu ya moto mkali pamoja na vitunguu, nyanya na mchuzi wa soya, kisha ikaandaliwa kwa wali na viazi vya kukaanga kwa pamoja. Ningemshauri mgeni mwenye pesa za mlo mmoja tu ale chifa ya mtaani kabla ya kuweka nafasi katika migahawa ya Lima iliyotajwa kuwa bora duniani, yaani Central mwaka 2023 na Maido mwaka 2025.

Maido, yenye mapishi ya Kijapani yaliyochanganyika na ya Kiperu, hata hivyo ina historia yake. Mwaka 1899 meli Sakura Maru ilitia nanga Callao, bandari ya Lima, ikiwa na Wajapani 790 waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Wao na watoto wao walipohamia mjini na kufungua migahawa, walileta kisu chao na mazoea yao ya kula samaki mbichi. Zamani ceviche ililoweshwa kwa ndimu kwa saa kadhaa. Leo hukamuliwa ndimu na kuliwa baada ya dakika chache, na mabadiliko hayo mara nyingi huhusishwa na mkono wa wapishi wa Kijapani. Nao ndio walioathiri tiradito, samaki aliyekatwa vipande vyembamba kama karatasi na kumwagiwa mchuzi wa pilipili bila kitunguu.

Mkono wa Waafrika ni wa zamani zaidi ya yote hayo. Lima ilianzishwa na Francisco Pizarro tarehe 18 Januari 1535, na katika karne iliyofuata Waafrika na wazao wao walikuwa sehemu kubwa mno ya wakazi wake. Mabwana walikula minofu; watumwa waliachiwa moyo wa ng'ombe, wakaukata, wakaulowesha katika siki na pilipili, wakauchoma. Mishikaki hiyo, anticuchos, huuzwa jioni kando ya barabara, na moshi wake ndio unaokuambia kwamba kumekuchwa, maana jua lenyewe huenda hukuliona tangu asubuhi. Pamoja nayo huuzwa picarones, vitumbua vyenye umbo la pete vya boga na kiazi kitamu, vinavyomwagiwa shira mfano wa kaimati.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1651 mtumwa mmoja kutoka Angola alichora picha ya Kristo msalabani kwenye ukuta wa udongo katika mtaa wa Pachacamilla. Tetemeko la ardhi la mwaka 1655 liliangusha majengo mengi lakini ukuta ule ukabaki umesimama. Leo uko nyuma ya madhabahu ya kanisa la Las Nazarenas, na kila Oktoba nakala ya picha hiyo hubebwa mabegani katika maandamano ya mamia ya maelfu ya watu waliovaa zambarau.

Ukuta wa udongo kudumu karibu karne nne si jambo dogo, na hapa tena ukosefu wa mvua una sehemu yake. Katikati ya Miraflores, kati ya majengo ya ghorofa, kuna piramidi ya Huaca Pucllana iliyojengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa na watu walioishi bondeni humo kabla ya mwaka 700. Matofali yake yalisimamishwa wima yakiacha nafasi katikati ili yacheze wakati wa tetemeko bila kubomoka. Adui pekee ambaye wajenzi hao hawakuhitaji kumwogopa alikuwa maji yatokayo juu.

Hali hiyo hiyo imeamua sura ya mitaa ya pembezoni. Kuanzia miaka ya 1940 watu wa milimani walishuka Lima kwa wingi, na kwa kuwa hakuna mvua, familia iliweza kuanza maisha mchangani kwa kuta za mikeka ya matete, kisha ikajenga tofali kwa tofali. Villa El Salvador, uliozaliwa mwaka 1971 kwenye mchanga mtupu kusini ya mji, sasa una mamia ya maelfu ya wakazi. Paa ni bapa, na nondo huachwa zimechomoza juu zikisubiri ghorofa ya mtoto atakayeoa. Taabu yao ni maji. Mto Rímac unaotoka Andes ndio chanzo kikuu cha mji, na mabomba yake hayapandi vilima vyote, hivyo maskini wa juu hununua maji ya malori kwa bei kubwa kuliko anayolipa tajiri wa bondeni. Baadhi yao, kama wa Villa María del Triunfo, wamesimamisha nyavu vilimani ili kuunasa ukungu, na matone yanayochuruzika humwagilia bustani.

Mpango huu wote huvurugika El Niño inapokuja. Afrika Mashariki tunaikumbuka kwa mafuriko ya mwaka 1997. Huko Peru maana yake ni kwamba bahari imepata joto na kile kizuizi cha hewa kimelegea. Machi 2017 mvua za milimani ziliujaza Rímac tope kiasi kwamba mitambo ya kusafisha maji ilisimamishwa, na sehemu kubwa ya Lima ikakaa siku kadhaa bila maji huku mto ukifurika. Mwaka 2023 bahari ilipopata joto tena, msimu wa kwanza wa uvuvi wa anchoveta katika pwani ya kaskazini na kati ulifutwa. Ndimu, ambazo kwa sehemu kubwa hulimwa Piura na majimbo mengine ya kaskazini, nazo zilipungua kwa sababu ya mvua na joto, bei yake ikapanda mara kadhaa, na wapishi wa ceviche wa Lima wakalazimika kuchagua kati ya kupandisha bei ya sahani na kukamua kidogo.