Je, wajua kwa nini chombo cha Star Trek kilitoa moto kwenye katuni?

Ukibahatika kushika matoleo ya mwanzo ya katuni ya Star Trek, kipindi cha televisheni cha safari za angani, yaliyotolewa Marekani na kampuni ya Gold Key kuanzia 1967, utaona kitu ambacho kwenye kipindi hakimo: Enterprise, chombo cha angani cha kipindi hicho, inakata anga huku injini zake mbili zikitapika moto kwa nyuma. Kwenye televisheni injini hizo hazitoi hata moshi. Mpenzi wa kipindi atasema mchoraji alikuwa mzembe. La hasha. Mchoraji hakuwa amekiona kipindi chenyewe.

Katuni hizo zilichorwa na Waitaliano. Matoleo 2 ya kwanza ni ya Nevio Zeccara, kisha kazi ikashikwa kwa miaka mingi na Alberto Giolitti, aliyekuwa na studio yake Roma. Star Trek ilianza kurushwa Marekani Septemba 1966, na Italia ilikuwa bado haijafika. Wachoraji walipewa maandishi ya hadithi na picha za matangazo, basi. Picha iliyosimama haikuambii injini inafanya nini ikiwaka. Ukiona mirija miwili mirefu nyuma ya chombo cha angani, katika enzi za roketi, mkono wenyewe unaweka moto. Nasi wa Katanga tusiwacheke sana: roketi za kampuni ya Kijerumani ya OTRAG, zilizorushwa kaskazini mwa Shaba (jina la zamani la Katanga) 1977 na 1978, ziliondoka kwa moto kama roketi yoyote.

Kijana anayechora bede, yaani katuni za hadithi, leo pale Katuba au Kamalondo mjini Lubumbashi ana simu, anasimamisha video anapotaka. Lakini tatizo la Giolitti halijaisha, limebadilika sura tu. Picha iliyokatwa kwenye video ina giza, kingo zake zimefifia kwa mwendo, na kwa kawaida inaonyesha upande uleule mmoja. Kabla ya kuanza ukurasa wowote, tafuta picha za chombo kutoka mbele, ubavuni na juu, uzihifadhi kwenye simu mapema (umeme hauna ahadi), halafu zichore zote kwenye karatasi moja kwa kipimo kimoja. Karatasi hiyo inabandikwa ukutani mpaka hadithi iishe.

Vipimo ndivyo vinavyookoa. Enterprise ya kipindi cha kwanza ina urefu wa mita 289 hivi, sahani yake ya mbele ina upana wa mita 127, na kila injini ina urefu wa mita 154 hivi. Kwa hiyo ukiichora kwa ubavu ikiwa na sentimita 10, sahani ichukue 4.4 na injini 5.3. Wengi huikuza sahani kwa sababu ndiyo inayovutia jicho, kisha injini zinabaki vijiti. Kosa la pili ni la pespektivu: sahani inachorwa kana kwamba tunaitazama kutoka juu, injini kana kwamba tuko chini yake. Dawa ni kuchora kwanza boksi moja refu kwa kalamu ya risasi, lenye mstari wake wa upeo, na kukiingiza chombo chote ndani ya boksi hilo. Ukimaliza, geuza karatasi uitazame kwa nyuma dhidi ya mwanga wa dirisha. Duara la sahani lililopinda litajitangaza lenyewe.

Ukurasa wa asili huchorwa mkubwa kuliko utakavyochapwa. Kwa kitabu cha sentimita 17 kwa 26, ongeza nusu: 25.5 kwa 39, ambayo inaenea kwenye bristoli (karatasi nene ya kuchorea) ya A3. Ikipunguzwa, mstari wa milimita 0.3 unakuwa 0.2, na herufi za milimita 4.5 zinakuwa 3. Chini ya hapo msomaji anaanza kukunja uso. Mistari ya kivuli isisongamane. Karatasi ya bei nafuu hunywa wino, na nafasi ya nusu milimita kati ya mistari inaweza kuziba ikawa doa jeusi. Anga la usiku ndilo linaloumiza zaidi: weusi mpana wa wino wa Kichina hukauka polepole wakati wa mvua, na kiangazi vumbi letu jekundu linaulalia ukiwa bado mbichi. Acha weusi uwe kazi ya mwisho ya siku. Nyota ziwekwe kwa rangi nyeupe nzito juu ya wino uliokwisha kukauka kabisa, la sivyo zinageuka kijivu.

Kufanana na televisheni, hata hivyo, si lazima kuwe utumwa. Thunderbirds ya Waingereza ilikuwa kipindi cha televisheni cha vikaragosi, yaani wanasesere wa kuchezeshwa kwa nyuzi, na vikaragosi hivyo vilitembea vibaya mno, kiasi kwamba watengenezaji waliepuka kuonyesha miguu yao. Frank Bellamy alipoanza kukichora kwenye gazeti la watoto la TV Century 21, Januari 1966, aliwapa wahusika miili ya watu hai: wanakimbia, wanaruka, wanatoka jasho. Visanduku vyake vya picha havikuwa vya mraba. Vilichongoka na kukatana katika kurasa mbili za katikati, kila wiki. Vyombo vilibaki vilevile vya kwenye kipindi. Kwa maoni yetu huo ndio mgawanyo sahihi: mashine usiiguse, mwendo ni wako. Kabla ya hapo Bellamy alikuwa amechora Dan Dare kwenye gazeti la Eagle, na tangu 1971 hadi kifo chake 1976 alichora Garth kwenye Daily Mirror. Wengi wa fani hii waliishi hivyo, wakihama kutoka kipindi kimoja hadi kingine.

Kuna jambo jingine linaloamua nani aonekane kwenye ukurasa, nalo halihusu mkono wa mchoraji: leseni, yaani ruhusa ya wenye kipindi. TV Century 21 ilikuwa na haki ya kuwachora Daleki, maadui katika kipindi cha televisheni cha Doctor Who, lakini shujaa wa kipindi, Daktari mwenyewe, alikuwa wa gazeti jingine, TV Comic. Ndiyo maana kati ya 1965 na 1967 wasomaji walipata hadithi ndefu ya Daleki bila Daktari hata mara moja. Huko TV Comic nako, Daktari alisafiri na wajukuu wawili, John na Gillian, ambao kwenye televisheni hawakuwahi kuwepo.

Sura ya mwigizaji nayo ni mali yake. Mtu akikuletea kazi ya kipindi fulani, muulize kabla ya kuchukua malipo ya kwanza: leseni inagusa chombo na jina tu, au na nyuso pia? Kama nyuso hazimo, mhusika anachorwa kwa nywele, sare na namna ya kusimama. Muulize vilevile nani anaidhinisha kurasa, na kwenye hatua gani. Kurasa zikikataliwa zikiwa bado kalamu ya risasi, unapoteza asubuhi. Zikikataliwa baada ya wino, unapoteza wiki, na bristoli nyingine ni ya mfuko wako.