Seva kutoonekana kwenye Network sio kwamba VPN imekufa

Jamani leo tuelewane. Ile Network ya kwenye Windows, yaani ile orodha ya kompyuta unayoiona kwenye Explorer, sio kipimo cha mtandao. Tawi la Mwanza wamenipigia tena, "kaka seva ya Dar haionekani, VPN imekufa", na fundi wao kashazima na kuwasha ruta mpaka wateja wa kaunta wananung'unika. VPN, ile njia ya siri inayounganisha tawi na Dar kupitia intaneti, ilikuwa nzima! IP ya seva (namba yake ya mtandao) inajibu ping, ile amri ya kuuliza kama mashine ipo, na ukiandika mwenyewe jina la seva kwenye Explorer, faili zinafunguka.

Ile orodha inajazwa na mashine zenyewe kujitangaza. Zamani ilikuwa NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina ya Windows, kwa brodikasti (tangazo kwa mashine zote za mtandao huo) kwenye milango ya UDP 137 na 138, na ruta haipitishi brodikasti, basi, ndo maana wenye matawi walifunga WINS, seva ya kutunza majina hayo. Na bado kompyuta iliyozimwa ghafla iliweza kubaki kwenye orodha karibu saa nzima. Halafu huduma ile ya orodha ilitegemea SMB1, toleo la kwanza la njia ya Windows ya kushirikiana faili, ambalo Microsoft walianza kuliondoa kwenye Windows 10 toleo la 1709, mwaka 2017, mwaka uleule wa WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kusambaa kupitia tundu la SMB1. Siku hizi mashine zinajitangaza kwa WS-Discovery, UDP 3702, nayo inaishia kwenye sabneti yako, yaani kipande chako cha mtandao. Kwa hiyo Mwanza kutoiona Dar ndo kawaida yake. Na we unayetaka kuwasha SMB1 ili tu majina yaonekane, acha kabisa. Mimi hata ndani ya ofisi moja siiamini ile orodha, mashine zinatokea na kupotea zinavyojisikia.

Pima hivi: ping IP, halafu jina kamili (lenye domeni ya kampuni mwishoni), halafu jina fupi. IP inajibu ila jina kamili halipatikani, angalia DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa IP. Jina kamili linajibu ila fupi linagoma, angalia safiksi ya DNS, ile domeni ambayo Windows huongezea kwenye jina fupi. Na nslookup, amri ya kuulizia majina, isikudanganye, yenyewe inaiuliza seva ya DNS moja kwa moja, haiangalii kashe (majibu ambayo Windows imeyatunza) wala faili la hosts (orodha ya majina ndani ya kompyuta yenyewe), kwa hiyo inaweza kukupa jibu zuri huku Windows inahangaika.

Sasa kinachonikera kuliko vyote, 8.8.8.8, DNS ya Google, kuwekwa DNS ya pili "kwa usalama". Usalama gani? Windows haiendi kwa wa pili kwa sababu wa kwanza kasema jina halipo, inaenda pale wa kwanza anapochelewa kujibu, mfano mchana laini imejaa, na Google haijui seva yako ya ndani kwa hiyo inajibu haipo, Windows inaamini na kulitunza hilo jibu kwenye kashe. Ndo ule ugonjwa wa asubuhi inafanya kazi, mchana haifanyi.

Ila nikiri, tawi lisilo na DNS yake, VPN ikikatika kweli, bila 8.8.8.8 hata intaneti hawana, na hapo vitabu vinanyamaza. Mimi naiachia ruta ya tawi: majina ya domeni yetu iulize Dar, mengine yote iulize nje. Sio ruta zote zinaweza, na za bei rahisi ndo tunazonunuliwa.

Faili za Dar nazifunga kama draivu ya Z kwa jina kamili la seva kupitia Group Policy (mipangilio inayotumwa toka seva kwenda kompyuta zote), na ile Network naificha kabisa.