Kisukari cha paka: kukidhibiti nyumbani ndo kufanya nini hasa

Paka akishapimwa ukaambiwa ana kisukari, kwanza unashangaa, kwani paka naye anapata sukari? Anapata, tena si kitu kigeni. Alaf unaambiwa sasa ende ukaidhibiti nyumbani, na hapo kila mtu anafahamu kivyake. Kuna anaeona kudhibiti ni kumpunguzia chakula mpaka akonde. Kuna mwengine anaona ni kumuongezea sindano kila siku mpaka namba kwenye mashine iwe sawasawa na ya paka mzima. Yote mawili ni hatari, na hili la pili linaua haraka zaidi.

Kudhibiti kisukari cha paka ni kuiweka sukari ya damu yake pahala ambapo hakojoi ovyo, hakondi, hana kiu ya kupita kiasi, anakula na kuzunguka kama kawaida yake, na wakati huohuo haishuki chini sana saa yoyote, mchana wala usiku. Sukari ikiwa juu siku moja mbili na paka anakula vizuri, hiyo unaweza kuirekebisha taratibu na dokta. Sukari ikishuka chini kwa sababu ya sindano, paka anaweza kukufia mikononi kabla hujapata hata gari. Ukilishika hili moja, mengine yote yanakaa sawa.

Tuseme kidogo inavyokuwa ndani ya mwili. Kongosho linatoa insulini, na insulini ndo inayoifanya sukari itoke kwenye damu iingie kwenye nyama na viungo vikapate nguvu. Kwa paka wengi wenye ugonjwa huu mwili unaanza kuwa mkaidi kwa insulini, kongosho linajikaza linajikaza mwisho linachoka. Unafanana zaidi na kile kisukari cha watu wazima, kile cha aina ya pili. Wanaokipata sana ni mapaka yaliyoshiba, madume yaliyohasiwa, umri umekwenda, kutwa yamelala kwenye kochi. Wale wa soko la Darajani hapa Zanzibar wanaogombania vichwa vya samaki si wao wa kuogopewa mwanzo. Na kuna dawa zinaweza kukileta, hasa steroidi kama prednisoloni ambazo paka kapewa kwa muwasho au pumu, kwa hivyo kama wako anazitumia mwambie dokta mapema, usizikate mwenyewe.

Sukari ikipita kama milimoli 14 mpaka 16 hivi kwa lita, figo za paka zinashindwa kuirejesha yote, inamwagikia kwenye mkojo na inavuta maji. Ndo unaona anakojoa sana, anakunywa maji mpaka anapanda kwenye ndoo ya chooni, na pale alipokojoa unaweza kukuta sisimizi. Viungo navyo vina njaa ingawa damu imejaa sukari, ndo maana anakula kama kawaida au zaidi na bado anakonda mgongo unabaki mifupa. Wengine miguu ya nyuma inalegea wanakanyagia kisigino badala ya vidole, watu wanasema kateguka, kumbe ni mishipa ya fahamu imeathirika, na mara nyingi inarudi vizuri sukari ikishakaa sawa ingawa inachukua muda.

Kuna jambo linachanganya sana wakati wa kupima. Paka akiwa na khofu sukari inapanda yenyewe, hata asiye mgonjwa. Umemtia kwenye kikapu, umempandisha daladala kutoka Fuoni, honi, makelele, kafika kwa daktari wa mifugo roho iko juu, akipimwa pale namba inaweza kuwa kubwa kweli. Ndo maana dokta makini haamui kwa tone moja la damu, anaangalia na mkojo na dalili za nyumbani, au anaomba kipimo cha fruktosamini ambacho kinaonyesha sukari ilivyokuwa kwa wiki mbili hivi zilizopita. Na ndo maana vilevile kumpima nyumbani, kwenye mkeka wake, kuna faida kuliko kumbeba kila mara.

Haya, sindano. Insulini ya paka inapigwa chini ya ngozi mara mbili kwa siku, masaa 12 baina ya moja na ya pili. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halituhangaishi, saa thinashara asubuhi na saa thinashara jioni mwaka mzima ni karibu na jua kuchomoza na kuzama, kwa hivyo ratiba unayo tayari bila kuweka alamu. Hata Ramadhani haina haja ya kubadilisha kitu, jioni mpige kabla hamjakaa kwenye futari mana mkishakaa hakuna atakaekumbuka. Unambana ngozi kidogo ubavuni au mgongoni, sindano yenyewe ni nyembamba sana, wengi hata hawageuki wakiwa wanakula.

Dozi anaipanga daktari. Paka wengi wanaanzishwa kwa yuniti 1 tu kila baada ya masaa 12, na watu wanaiona ndogo, wanasema bibi anapiga 20 huyu moja itamsaidia nini! Huyu ana kilo nne, bibi ana kilo 70 na zaidi, na juu ya hivyo mwili wa paka si mwili wa mtu. Kuongeza kunakwenda kidogokidogo, nusu yuniti au moja, na baina ya mara na mara unasubiri siku kadhaa mwili uzoee.

Insulini kama Lantus, ambayo ni insulini ya watu ya aina inayoitwa glajini, inatumika sana kwa paka, kwa hivyo usishangae ukiandikiwa uende duka la dawa la kawaida. Lakini hapa pana mtego. Insulini za watu nyingi zina yuniti 100 kwa mililita. Zile zilizotengenezwa kwa wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, zina yuniti 40 kwa mililita, na zina mabomba yao ya sindano, kwa kawaida kifuniko chekundu, wakati ya 100 kifuniko chake cha rangi ya chungwa. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 umempa mara mbili na nusu ya dozi! Ukifanya kinyume unampa chini ya nusu, utakaa wiki nzima unasema dawa haifanyi kazi. Ukinunua, soma chupa, soma na bomba, vilingane. Na insulini ya bibi iliyobaki kwenye friji, ile ya mchanganyiko, muachie bibi. Metformini yake vilevile, vidonge hivyo paka havimsaidii.

Friji inanikumbusha umeme. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 mpaka 8, na ikiganda imeharibika hata kama ukiiyeyusha inaonekana nzima, kwa hivyo usiiegemeze kwenye barafu. Umeme wa Unguja unakuja na waya chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua kukaa miezi mitatu gizani ni kitu gani. Siku hizi unakatika masaa tu, na masaa hayaharibu kitu usipofungua mlango wa friji kila dakika. Ukikatika kutwa nzima wakati wa kaskazi, chupa itie kwenye mfuko wa plastiki ufunge, uweke kwenye chungu cha udongo chenye kitambaa kibichi, pembeni penye upepo. Haitakuwa baridi kama friji ila itakuwa nafuu kuliko juu ya kabati la bati. Lantus inatakiwa iwe safi isiyo na rangi kama maji, ukiona ukungu au vipande itupe.

Chakula sasa, na mimi nadhani hapa ndo sisi tunaharibu zaidi. Paka ni mla nyama, ini lake halikuumbwa kushughulika na wanga mwingi kwa mpigo. Sisi tunampa wali uliobaki na mchuzi, boflo limerowekwa kwenye maziwa, ugali na dagaa ambao dagaa wenyewe wawili. Mwenye kisukari wanga upungue sana, protini iwe juu. Vyakula vya kopo vya paka, vya majimaji, kwa kawaida vina wanga kidogo kuliko zile tembe kavu. Kama kopo ni ghali, samaki aliyepikwa bila chumvi wala bizari, kuku, mayai, ini kidogo mara mojamoja, vinasaidia, ila samaki peke yake kila siku si mlo kamili, na samaki mbichi wengine wana kitu kinachoharibu vitamini B1, kwa hivyo mpikie, na muulize dokta cha kuongezea.

Lakini usije ukambadilishia chakula ghafla na sindano umeiacha palepale. Ukimtoa kwenye wali ukamtia kwenye kuku leo, sukari itashuka yenyewe, dozi iliyokuwa sawa jana inakuwa kubwa leo. Mwambie dokta kabla. Na paka mnene hanyimwi kula, anapunguzwa taratibu, mana paka asiyekula siku kadhaa ini lake linajaa mafuta na huo ni ugonjwa mwengine kabisa.

Kupima nyumbani unatumia mashine ileile ya sukari ya watu, unatoboa ukingo wa sikio baada ya kulipasha moto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, tone dogo tu linatosha. Jua kwamba mashine za watu mara nyingi zinasoma chini kidogo ya ukweli kwa damu ya paka, zipo za wanyama kama AlphaTrak, ila muhimu utumie mashine moja siku zote na dokta ajue ni ipi. Siku ya kupima sawasawa unapima kabla ya sindano na kila masaa mawili mpaka masaa 12 yaishe, unaandika. Unachotafuta hasa ni ile namba ya chini kabisa na imetokea saa ngapi, kwa sababu ndo inayoamua kama dozi ipande, ibaki au ishuke. Namba ya asubuhi peke yake inadanganya. Na kama huna uwezo wa stripu zote hizo, vile vijikaratasi vya kutilia damu kwenye mashine, mpime uzito kila wiki, panda mizani umembeba, alaf panda peke yako utoe, na uangalie maji anayokunywa. Uzito unaorudi na kiu inayopungua ni habari nzuri hata bila mashine.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.5 hivi ni hatari. Utamuona anayumba kama kalewa, anatetemeka, njaa ya ghafla au kuduwaa, anajificha, baadae degedege na kuzimia. Kama anaweza kumeza mpe chakula hapohapo. Kama hawezi, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi, kidogo kidogo, usimmiminie kooni wala usitie kidole baina ya meno akiwa na degedege, na umkimbize kwa daktari hata akiamka, mana insulini bado iko mwilini inaweza kumshusha tena. Asali ikae jirani na sindano, si jikoni juu ya kabati.

Kinachosababisha sana sukari kushuka hivi ni kupigwa sindano mara mbili. Baba kampiga, dada kafika hajui naye kampiga. Bandikeni karatasi kwenye friji anaepiga aweke alama. Usipojua kama kapigwa, usipige, ikimpita mara moja haimuui. Na asipokula au akitapika usimpe dozi nzima kwa mazoea, mpigie dokta kwanza. Akiwa hali, anatapika, kalegea na pumzi inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, hiyo si ya kusubiri kesho, mwili umeanza kuunguza mafuta na damu inakuwa na asidi.

Kama una ndugu Ulaya au Marekani atakutajia dawa za kunywa, Bexacat iliyoidhinishwa Marekani 2022 na Senvelgo 2023. Zinafanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Zipo kweli, lakini si kwa paka aliyekwishaanza insulini, na zinaweza kuleta ile asidi ya damu hata namba ya sukari ikiwa si kubwa, kwa hivyo zinataka dokta wa karibu.

Mwisho kuna kupoa. Paka, tofauti na mbwa, anaweza kufika pahala hahitaji tena sindano, hasa akianzishwa insulini mapema, wanga ukaondolewa, na mafuta ya mwili yakapungua, au ile steroidi ikaachwa kwa utaratibu. Si wote, ila si wachache. Inaanza kimyakimya: dozi ileile, namba zinashuka wiki hadi wiki. Mwenye kupima anaona, dokta anapunguza dozi mpaka inaondoka. Asiyepima anaendelea kupiga ileile mpaka siku paka anayumba. Na akishapoa usirudishe boflo, endelea kumpima uzito na kumchungulia sukari mara mojamoja, mana kwa baadhi yao inarudi, na ikirudi ukaiwahi, sindano inaanza tena kwa yuniti ndogo kama mwanzo.