Mbwa Anajikuna? Niambie Kwanza Amekuwa Akila Nini

Kliniki yangu iko Kisumu, na swali ninaloulizwa zaidi kwenye simu ni hili: "Daktari, mbwa wangu anajikuna usiku kucha, nimpe chakula gani?" Nami humrudishia mwenye mbwa swali: amekuwa akila nini tangu akiwa mtoto? Wengi hunyamaza kidogo, kisha huanza kuhesabu. Ugali, omena, matumbo, maziwa yaliyobaki, mkate wa watoto. Matibabu huanzia kwenye hesabu hiyo, na afadhali uifanye nyumbani kabla hujanunua chochote.

Mwalimu mmoja wa Mamboleo aliniletea mbwa wake, Simba, chotara wa German Shepherd wa miaka minne, kilo 30. Nilipoushika mguu wa mbele nikaona manyoya meupe katikati ya vidole yamekuwa rangi ya kutu. Hiyo ni kazi ya mate. Mbwa akilamba mahali pamoja kwa wiki nyingi, mate huacha doa ambalo sabuni haiwezi kulitoa. Kwapani ngozi ilikuwa imeota weusi na kuwa nene, yenye makunyanzi. Nilipoinua sikio harufu ilinipiga kabla sijaingiza pamba, na pamba ikatoka na uchafu wa kahawia unaonata. Chini ya darubini ulikuwa umejaa fangasi aina ya Malassezia. Nikauliza kuhusu choo. Mwalimu akafikiri kidogo akasema Simba huenda mara nne au tano kwa siku, kinyesi laini. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida kwa mbwa mkubwa. Kwangu mimi, masikio, nyayo na tumbo vikilalamika pamoja, chakula lazima kihojiwe.

Simba alikuwa ameshadungwa sindano za steroidi, dawa za kutuliza mwasho na uvimbe, mara sita ndani ya mwaka mmoja. Kila sindano ilimtuliza wiki mbili tatu, kisha mwasho ukarudi. Dawa hizo mimi pia huzitumia, na mbwa aliyejichuna hadi damu anazihitaji. Lakini zikirudiwarudiwa bila mpango mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa ovyo, misuli hunyong'onyea na ngozi huwa nyembamba. Isitoshe, zinaficha chanzo, ukabaki hujui unapigana na nini.

Kabla ya kugusa sufuria ili kubadilisha mlo, ondoa viroboto na upele. Pitisha kitana chenye meno ya karibu mgongoni karibu na mkia, kisha kung'uta uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyolowa maji. Chembe nyeusi zikichuja rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyokwisha kusagwa. Mbwa mwenye mzio (aleji) wa mate ya kiroboto hahitaji viroboto mia. Kuumwa mara chache kunatosha kumwasha. Nao upele wa utitiri hupenda ncha za masikio na viwiko, na mara nyingi watu wa nyumba nao huanza kujikuna. Hayo yakitibiwa na mwasho ukabaki, ndipo tunazungumza chakula.

Mzio wa chakula hutokea kinga ya mwili inapoichukulia protini ya kawaida kama adui. Ili ifanye hivyo, lazima iwe imeshakutana na protini hiyo. Ndiyo maana mwenye mbwa huniambia, "Haiwezi kuwa nyama, daktari, ameila miaka yote," nami humjibu kwamba kwa sababu hiyo hiyo ndiyo ninaishuku. Vilevile kuhama kutoka gunia la chakula kikavu moja hadi jingine hakusaidii sana, kwa kuwa picha hubadilika na vilivyomo hubaki vile vile: mahindi, ngano, soya, unga wa nyama.

Mwaka 2016, madaktari wa ngozi za wanyama Ralf Mueller, Thierry Olivry na Pascal Prélaud walikusanya taarifa za mbwa 297 waliothibitishwa kuwa na mzio wa chakula. Nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa na bidhaa zake 17, kuku 15, ngano 13, kondoo 5. Usizichukue namba hizo kama orodha ya vyakula vibaya. Zinatuonyesha zaidi mbwa wale walikuwa wakilishwa nini. Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa kwetu awe macho, kwa sababu ushauri mwingi unaotoka ng'ambo unasema: mpe samaki, ni protini mpya. Mpya kwa nani? Mbwa aliyekulia Nyalenda, hapa Kisumu, amekula omena na vichwa vya samaki tangu alipoachishwa kunyonya, na mgongo wazi kutoka Obunga, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, akaguguna hadi meno yakang'aa. Kwake samaki ni mshukiwa sawa na mwingine yeyote. Wa Nakuru, kwenye ng'ombe wa maziwa kila boma, huenda hajawahi kuonja samaki. Protini mpya hupimwa kwa historia ya mbwa mmoja mmoja.

Utauziwa pia vipimo vya damu, mate au nywele vinavyodai kutaja chakula chenye mzio. Kwa mzio wa chakula cha mbwa havitegemeki, na huwa nasikitika ninapomwona mtu amelipia karatasi ndefu ya vyakula vilivyokatazwa huku mbwa bado anajilamba. Kipimo cha kuaminika ni sufuria: protini moja na wanga wa aina moja ambavyo mbwa hajawahi kula, bila kitu kingine, kwa wiki nane. Kufikia wiki ya tano zaidi ya asilimia 80 ya mbwa wenye mzio wa chakula huwa wameonyesha nafuu; kufikia wiki ya nane, zaidi ya asilimia 90. Anayeacha wiki ya tatu kwa kukata tamaa amejinyima jibu.

Simba tulimchagulia sungura na viazi vitamu vya Kabondo. Mbuzi tulimwacha, kwa kuwa ng'ombe, kondoo na mbuzi ni jamaa wa karibu na protini zao zinafanana. Kwa uzito wake tulianza na gramu 400 za nyama ya sungura iliyochemshwa na kutolewa mifupa, gramu 800 za viazi vilivyochemshwa, na kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti, vyote vikigawanywa mara mbili kwa siku. Kila baada ya wiki mbili tulimpima uzito ili kuongeza au kupunguza. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, usimpe. Kitunguu na kitunguu saumu vikae mbali kabisa na sufuria hiyo, maana huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Hakuna Royco, hakuna supu ya jana. Mlo huu hauna kalisi ya kutosha. Mbwa mzima atauvumilia kwa wiki nane, lakini mtoto wa mbwa anayekua usimjaribishie bila daktari, mifupa yake itaumia.

Kupika ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni watu wa nyumbani, na siku hizi siridhiki mpaka nizungumze na kila mtu anayemfikia mbwa. Wiki ya tatu Simba alikuwa ameacha kulamba miguu usiku. Jumatatu iliyofuata mwalimu akapiga simu, sauti imemshuka: mwasho umerudi. Tukapekua siku moja baada ya nyingine. Watoto wameapa hawajampa kitu. Mwishowe mlinzi wa usiku akasema kwa upole kwamba kila alfajiri, kabla hajatoka zamu, yeye na Simba hugawana mandazi na chai ya maziwa. Wiki mbili alikuwa amekwenda kwao, na zamu yake ilikuwa imeanza tena Ijumaa. Nani angemlaumu? Alikuwa ndiye rafiki mkubwa wa mbwa yule. Tukakata viazi vitamu vipande vyembamba, tukavikausha kwenye oveni, tukavitia kwenye mkebe uliowekwa kibandani kwake. Akaendelea kugawana na Simba, ila kutoka kwenye mkebe huo, na hesabu ya wiki tukaianza upya.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharibu jaribio la mteja. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimpa mbwa tembe ya minyoo yenye ladha ya nyama katikati ya wiki ya tano. Mwenye mbwa alikuwa amejinyima mengi kununua sungura, nami nikaubomoa mwezi mzima kwa tembe moja. Nilimweleza kosa langu na nikamwomba radhi. Tangu siku hiyo nasoma kila kijikaratasi cha dawa: tembe za kutafuna, dawa ya meno ya mbwa, hata vidonge vya vitamini.

Mbwa akipata nafuu, jaribio bado halijakwisha, na hapa wengi hugoma. Nawaelewa. Nani anataka kumrudishia mwasho mbwa aliyepona? Lakini bila kurudisha vyakula vya zamani, kimoja kimoja, hutajua kama ni chakula kilichomsaidia au ni msimu uliobadilika. Mpe kimoja kwa hadi siku 14. Ukiona anaanza kujikuna, kiondoe, mwache atulie, kisha ujaribu kinachofuata. Nyama ya ng'ombe ilimwasha Simba siku ya tatu. Maziwa yalichukua siku sita. Ngano, kuku na omena havikumdhuru, na mwalimu alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya kwanza ya nafuu, kwa kuwa omena angeimudu mwezi baada ya mwezi na sungura asingeweza. Omena huliwa nzima pamoja na mifupa yake, na hivyo pengo la kalisi nalo likapungua. Iliyoanikwa mchangani ioshwe maji mawili matatu, kisha ichemshwe.

Ila Simba hakutulia moja kwa moja. Mvua za Machi zilipoanza na nyasi zikarefuka, nyayo zikawa nyekundu tena ingawa mlo haukuvunjwa. Mbwa wengi wana mizio miwili kwa pamoja, wa chakula na wa mazingira: utitiri wa vumbi la nyumba, chavua za nyasi, ukungu. Wa mazingira kwa kawaida hujitokeza mbwa akiwa na umri kati ya miezi sita na miaka mitatu, na sufuria peke yake haiwezi kuuondoa. Chakula husaidia kwa njia nyingine. Mafuta ya samaki yenye omega-3 hupunguza uvimbe na yanaweza kupunguza kiasi cha dawa kinachohitajika, mradi mbwa hana mzio wa samaki na mwenye mbwa asubiri wiki nane hadi 12. Daktari apime kiasi kwa kilo. Usichukue mafuta ya ini la chewa ukayamimina kwa wingi, kwani vitamini A na D zilizomo huweza kumdhuru. Usitegemee pia kwamba omena kavu itatosha badala yake; mafuta yake huharibika juani.

Angalia na mahali chakula kinapowekwa. Unga na chakula kikavu kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi hupata utitiri wa ghalani, na utitiri huo unafanana na ule wa vumbi kiasi cha kumwasha mbwa mwenye mzio wa vumbi. Nunua cha kutosha mwezi mmoja, kiweke kwenye ndoo yenye kifuniko. Chenye harufu ya uvundo kitupwe, kwa kuwa ukungu wa mahindi huweza kuwa na sumu ya aflatoksini inayoua ini.

Simba sasa anakula ugali na omena, malenge kidogo, kuku siku za Jumapili. Matandiko yake yalikuwa zulia kuukuu. Limetupwa, analalia shuka nene linalofuliwa kila wiki kwa maji ya moto. Akitoka kwenye nyasi anafutwa miguu kwa kitambaa kibichi, na msimu wa mvua anaogeshwa kila wiki kwa shampuu ya dawa inayoachwa mwilini dakika kumi kabla ya kusuuzwa. Mwaka huu amehitaji vidonge vya mwasho kwa wiki mbili tu, mwezi wa Aprili. Mlinzi bado ana mkebe wake, na ndiye aliyenipigia mvua zilipoanza kuniambia kwamba Simba ameanza tena kulamba mguu wa kushoto.