Shilingi moja kwenye wasia haimaanishi mwana alinyimwa urithi

Ukisoma wasia wa mkulima wa kijiji cha Uingereza wa karne ya 17, ukaona mwana wa kwanza kaachiwa shilingi 1 huku wadogo zake wakigawiwa ng'ombe, vitanda na fedha, usikimbilie kusema baba alimkasirikia. Mara nyingi huyo ndiye aliyepata kikubwa zaidi: shamba.

Ardhi ilikuwa na njia yake. Mashamba mengi yalishikiliwa chini ya bwana mwenye ardhi, na yalirithiwa mbele ya baraza lake kwa desturi ya mahali: kwingi mwana wa kwanza, kwingine kitinda mimba (ndiyo, kitinda mimba). Huko Kent wana wa kiume waligawana sawa. Wasia, ambao hadi 1858 ulithibitishwa na mahakama za kanisa, ulihusu zaidi mali inayohamishika. Shilingi ilionyesha tu kwamba mwana hakusahauliwa. Binti aliyekwisha kupewa mali alipoolewa naye angeweza kupata kidogo vilevile.

Kwa hiyo wasia pekee hautoshi. Fungua daftari la baraza la miaka michache baada ya mazishi: mrithi huandikwa kwa jina, pamoja na ada aliyolipa kukabidhiwa shamba.