Gia za Plastiki Katika Treni za Mfano

Kwa miaka mingi wapenzi wa treni za mfano wameaminishwa kwamba kichwa cha treni chenye gia za plastiki ni cha hali ya chini, na kwamba gia za metali pekee ndizo hudumu. Asili ya imani hiyo ni hitilafu halisi: gia ya plastiki iliyoshindiliwa kwenye ekseli nene kupita kiasi hubaki imetanuka muda wote, hatimaye hupasuka kati ya meno mawili, na treni huanza kwenda kwa kudundadunda kila ekseli inapozunguka. Kosa hapo ni la vipimo, wala si la plastiki yenyewe. Asetali na nailoni, aina za plastiki ngumu, huteleza vizuri, hazina kelele nyingi na huhitaji mafuta kidogo, ndiyo maana watengenezaji wengi huoanisha parafujo (gia yenye umbo la skrubu) ya shaba nyeupe iliyo kwenye mota na gia ya asetali. Metali nayo ina maradhi yake: aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki iliyochafuliwa na madini ya risasi, hata kidogo tu, huweza kuvimba na kumeguka yenyewe ikiwa imehifadhiwa kabatini. Anayebadilisha gia iliyopasuka apime kwanza kipenyo cha ekseli, kisha achague mafuta yasiyodhuru plastiki.